Fimbo za kuvulia kwenye gari la safari: bomba la juu, dari, sanduku la chini ya kitanda au begi?

Mtu anayetoka Dar es Salaam Ijumaa jioni na gari la kulala, iwe Hiace iliyong'olewa siti ikawekwa kitanda au Land Cruiser hardtop yenye hema juu, huwa anajua pa kuweka jiko la gesi, deli la barafu na godoro. Fimbo za kuvulia ndizo zinazobaki zimeegemezwa mlangoni hadi dakika ya mwisho. Ni ndefu, ni nyepesi, hazirundikiki, na popote utakapozilaza kuna kitu kitakuja kukaa juu yake. Hapa tunalinganisha njia nne zinazotumika: bomba la PVC juu ya keria, vishikio vya dari ndani ya gari, sanduku chini ya kitanda, na begi la kubebea. Zote zinafanya kazi, lakini si kwa gari moja wala kwa mvuvi mmoja.

Kwanza, fimbo huvunjikaje safarini

Wengi huogopa matuta. Kwa kweli tuta lenyewe haliivunji fimbo iliyolala vizuri. Adui wa kwanza ni mlango wa nyuma: ncha imechomoza vidole viwili, mlango unabamizwa, mchezo umekwisha. Adui wa pili ni chubwi, yaani uzito wa kuzamishia ndoana, au ndoana yenyewe iliyoachwa ikining'inia kwenye mshipi. Chubwi la gramu 100 likigonga fimbo ya kaboni kwenye kila tuta kuanzia Mbagala hadi Kilwa, linaacha kovu dogo ambalo hutaliona. Kaboni ni ngumu lakini haina uvumilivu wa kovu. Itakaa kimya, kisha siku samaki kama kolekole akivuta kwa nguvu inakatika palepale palipogongwa, na mwenye fimbo atamlaumu aliyemuuzia. Fibaglasi huvumilia zaidi kugongwa, ingawa nayo ni nzito mkononi.

Adui wa tatu ni kusuguana. Fimbo mbili zikilazwa pamoja bila kitambaa kati yake, pete za moja, zile zinazopitisha mshipi, hukwangua mwili wa nyingine. Kwenye lami hilo huchukua muda, ila kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi safari moja inatosha kuacha alama. Pete nazo zina kauri ndani, na kauri ikigongwa hupata ufa mwembamba unaokata mshipi. Njia ya kuugundua ni rahisi: pitisha kipande cha pamba ndani ya pete. Nyuzi zikinasa, pete hiyo ibadilishwe kabla hujaitumia.

Joto na chumvi huua polepole. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani, joto hupita nyuzi 50 kirahisi, na gundi inayoshika nyuzi za pete huanza kulainika. Fimbo iliyolazwa ikiwa imepinda kwenye joto la namna hiyo kwa siku kadhaa yaweza kubaki na mpindo. Chumvi hula fremu za pete na skrubu za kikalio cha rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi, hasa ikifungiwa pamoja na unyevu.

Vigezo tulivyotumia

Kigezo cha kwanza kinashinda vingine vyote: urefu wa kipande kirefu kuliko vyote baada ya fimbo kufunguliwa. Chukua futi ya kupimia leo, kabla ya kwenda kwa fundi. Fimbo ya futi 7 ya kipande kimoja ni mita 2.13. Ile ile ikiwa ya vipande viwili, kila kipande ni kama mita 1.1. Fimbo ya kurushia ufukweni ya futi 13 ni karibu mita 4 nzima, lakini ikiwa ya vipande vitatu kila kimoja ni kati ya mita 1.3 na 1.4. Ndiyo maana mwenye fimbo ndefu kuliko zote anaweza kuwa na tatizo dogo kuliko mwenye fimbo fupi ya kipande kimoja.

Baada ya hapo tunaangalia ulinzi dhidi ya hao maadui tuliowataja, wepesi wa kutoa na kurudisha, joto na chumvi, wizi, na kazi ya kutengeneza. Bei hatukuziandika kwa tarakimu maana Kariakoo hubadilika kila wiki. Tumesema tu ipi ni nafuu kuliko ipi.

Bomba la PVC juu ya keria

*Linachukua nini.* Bomba la kijivu la maji taka la inchi 4, yaani milimita 110 kwa nje, linameza fimbo tatu au nne nyembamba zilizovishwa vitambaa, au mbili nene za ufukweni zenye pete kubwa. Rili lazima zitolewe. La inchi 6 litaingiza rili ndogo ikiwa imefungwa, lakini ni kubwa mno juu ya gari na linapigwa sana na upepo. Hatulipendekezi.

*Kutengeneza.* Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Gerezani na kwingineko bomba huuzwa likiwa na mita 6. Kwa fimbo ya mita 2.13 kata mita 2.25, ili ubaki na nafasi ya sentimita 12 ya vizuizi laini vya pande zote mbili. Ukikata vipande viwili vya hivyo umetumia mita 4.5, na kile kinachobaki, mita 1.5, kinatosha kabisa fimbo ya ufukweni ya vipande vitatu. Usikitupe.

Lainisha kingo kwa msasa, vinginevyo zitakwangua kila kinachopita. Upande wa mbele wa gari gundisha kifuniko cha kudumu, na upande wa nyuma weka fitingi yenye kizibo cha skrubu. Ukigeuza, upepo na mvua vinasukuma kizibo kutoka mbele, na siku kikifunguka fimbo zinabaki barabarani. Paka nyuzi za kizibo mafuta ya mgando, maana mchanga ukiingia humo hutakifungua bila koleo. Kifunge pia kwa kamba fupi kwenye bomba, kwani kizibo kinachowekwa juu ya bodi ya gari "kwa dakika moja tu" ndicho kinachoachwa Pangani.

Ndani, mwishoni, tanguliza duara mbili zilizokatwa kwenye soli ya ndala kuukuu. Watu wengi huweka sponji ya godoro hapo. Hilo ni kosa: godoro hunywa maji na kuyatunza, ndala hainywi.

Chini kabisa, upande wa nyuma, toboa matundu mawili ya milimita 6 ya kutolea maji. Yazibe kwa kipande cha wavu wa dirishani ukiugundisha kwa ndani, la sivyo nyigu wa udongo watajenga humo gari likikaa wiki mbili bila safari.

Kufunga ndiko wengi wanakokosea. PVC hulainika juani, na bomba la mita 2.25 lililoshikwa sehemu mbili tu hunyong'onyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Lishike sehemu tatu au zaidi, pasiwe na pengo la zaidi ya sentimita 80. Kama keria yako ina vyuma viwili tu, laza chini ya bomba pembe ya chuma au papi ya mbao, kisha funga bomba juu ya hiyo. Kila kishikio kiwe na kipande cha tyubu ya tairi kati ya chuma na bomba. Kishikio kimoja kaza, vingine viwili viache vishike bila kubana sana: kutoka asubuhi ya baridi hadi jua la saa nane, bomba la urefu huo hurefuka kama milimita 5, na likibanwa kote litapinda au litapasuka kwenye fitingi. Ukiona bomba limekuwa la yai pale penye kishikio, umekaza kupita kiasi.

*Ulinzi.* Mkubwa. Mlango haulifikii, mzigo haulilalii, na ndoana za watu wengine hazina njia. Hatari iliyobaki ni fimbo kugongana zenyewe kwa zenyewe humo ndani, kwa hiyo vitambaa si hiari. Tanguliza mpini, ukielekea mbele ya gari, na ncha ibaki upande wa kizibo. Breki husukuma vitu mbele kwa nguvu kuliko mwendo unavyovirudisha nyuma, basi acha mpini ndio upige ndala.

*Kutoa na kurudisha.* Hapa ndipo linapochosha. Kila ukitaka kurusha dakika kumi unapanda tairi, unafungua kizibo, unatoa fimbo zote ili upate moja, unafunga rili, unapitisha mshipi. Samaki waliokuwa wanaruka mbele yako hawakusubiri.

*Joto na chumvi.* Lipake rangi nyeupe, kwani kijivu hunywa jua. Gari likiegeshwa siku tatu Mikocheni au Tabata, fimbo zisikae humo. Na usifunge fimbo mbichi: bomba lililozibwa na fimbo yenye maji ya bahari ni jiko la kutu. Ukirudi, acha kizibo wazi usiku mzima.

*Wizi.* Lina faida ya kuchekesha: linafanana na bomba la choo, na hakuna anayelitamani kwenye foleni. Bado, toboa tundu lipite kizibo na fitingi kwa pamoja, uingize kufuli ndogo.

*Gharama.* Ndilo la chini zaidi kati ya vitu vya kutengeneza, ukiacha mikanda ya dari, na kwa bomba la milimita 110 lenye fitingi zake uzito ni kilo 4 hivi. Kumbuka tu kwamba uzito huo unaongezwa juu ya hema, tairi la akiba na madumu. Kiwango cha paa la gari kimeandikwa kwenye kitabu chake.

Vishikio vya dari ndani ya gari

*Vinachukua nini.* Fimbo nne hadi sita, rili zikiwa zimefungwa na mshipi umepitishwa. Hii ndiyo sababu pekee ya kuchagua dari, na kwa wengine inatosha. Fimbo ya kipande kimoja ya mita 2.13 inaingia kwenye Hiace bila shida. Kwenye Noah pima kwanza, kutoka kioo cha mlango wa nyuma uliofungwa hadi usawa wa kichwa cha abiria wa mbele.

*Kutengeneza.* Njia nyepesi haihitaji kutoboa kitu. Chukua mikanda miwili ya nailoni, kila mmoja ufungwe kutoka mshiko wa mkono wa kulia hadi wa kushoto, ule ulio juu ya mlango, na mikanda hiyo iwe imeachana mita 1 hadi 1.2. Juu ya kila mkanda shona au funga vitanzi vya velkro, sentimita 12 kutoka kimoja hadi kingine. Nafasi hiyo si ya kubahatisha: rili mbili za kawaida zikikaribiana kuliko hapo, mikono yake inagongana usiku kucha.

Njia imara zaidi ni mbao mbili nyembamba zenye mikato ya upana wa milimita 25, kila mkato ukivishwa ile sponji nyeusi ambayo mafundi wa AC huvisha mabomba ya gesi. Sponji hiyo hainywi maji, ina tundu tayari katikati, na kipande cha mita moja kinatosha vishikio vyote. Ukienda kwa fundi wa AC aliyemaliza kazi mtaani, mara nyingi ana mabaki.

Kabla hujaweka skrubu yoyote darini, simama. Kwenye magari mengi juu ya madirisha, ndani ya kitambaa, kuna mifuko ya hewa ya kulinda kichwa. Tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye nguzo za milango. Ukiyaona, usitoboe wala usifunge kitu kinachopita juu ya nguzo hizo. Hiace zenye AC ya nyuma zina njia za hewa zinazopita darini, na nyaya za taa nazo ziko huko. Fundi anayesema "hamna kitu hapo bosi" bila kuvua kitambaa hajui kilichopo.

*Ulinzi.* Mzuri dhidi ya mzigo, dhaifu dhidi ya mlango. Kwa hiyo hapa mpangilio unageuka kinyume cha bomba: mpini uwe nyuma, ncha mbele. Mlango wa nyuma ukibamizwa vibaya utagonga mpini, ambao unavumilia. Lakini sasa breki itataka kuisukuma ncha kwenye kioo cha mbele, au kwenye jicho la mtu. Kitanzi cha nyuma lazima kishike fimbo mbele ya rili kwa namna ambayo rili yenyewe inakuwa kizuizi na fimbo haiwezi kuteleza mbele hata ikivutwa kwa mkono. Jaribu kuivuta kabla ya safari. Zipange upande wa kushoto, juu ya abiria. Dereva wetu yuko kulia na hapaswi kuwa na kitu kinachoning'inia kwenye pembe ya jicho.

Ndoana zote zitoke, bila mjadala. Chambo bandia chenye ndoana tatu-tatu kikinasa kwenye kitambaa cha dari utaacha kipande, na kikinasa kwenye nywele za mtoto aliyeinuka kutoka usingizini, safari imeishia zahanati.

*Kutoa na kurudisha.* Hakuna njia inayoishinda. Fungua mlango, fungua velkro mbili, uko majini.

*Joto na chumvi.* Dari ndiyo sehemu ya joto kuliko zote ndani ya gari. Kwa safari ya siku mbili haina neno. Kuzifanya fimbo zikae hapo mwaka mzima ni kuzichosha. Tena matone ya maji ya chumvi hudondokea godoro, jambo ambalo mwenzako wa safari atalisema kabla yako.

*Wizi.* Mbaya. Zinaonekana kupitia kioo, na rili ndizo zenye thamani. Ukiegesha mjini, ziteremshe au weka mapazia.

*Gharama.* Mikanda ni rahisi kuliko hata bomba. Mbao na kazi ya fundi hufikia bei ya bomba au kupita kidogo. Gharama isiyoandikwa ni sentimita 15 hivi za nafasi ya kichwa. Mrefu anayelala kwenye Hiace ya paa la chini atazigonga kila akikaa kitandani.

Sanduku chini ya kitanda

*Linachukua nini.* Hapa hesabu inawadanganya wengi. Kitanda cha kawaida ndani ya gari kina mita 1.9, na sanduku lake kwa ndani hubaki mita 1.85. Mtu husema, "fimbo ya mita 2.13 nitailaza mshazari." Kama sanduku lina upana wa mita 1, mshazari wake ni mita 2.10: imekosa kwa sentimita 3, na hizo 3 huwezi kuzibembeleza. Upana ukiwa mita 1.2 mshazari unafika 2.20 na fimbo inaingia, lakini sasa imekata sanduku lote katikati na huweki kitu kingine. Sanduku ni la fimbo za vipande viwili au vitatu. Kwa hizo, linameza kumi bila kelele.

*Kutengeneza.* Mafundi wa Keko watalifanya kwa siku mbili, ila wape vipimo vilivyoandikwa. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12, si ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, kwa kuwa hiyo ikipata maji mara moja huvimba kama andazi. Plaiwudi ya unene huo ni kilo 7 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo sanduku zima halipungui kilo 25. Kimo cha ndani kiwe sentimita 12 kama rili zinatolewa, 20 kama zinabaki.

Ndani weka vitana vitatu vya mbao, mwanzo, kati na mwisho, vyenye mikato iliyovishwa sponji ya AC, na fimbo zipishane: hii mpini kulia, inayofuata mpini kushoto. Mlango uwe wa kufunguka kwa nyuma, na ndani pawe na trei nyepesi ya kuvuta. Usikubali mfuniko wa juu. Kila utakapotaka fimbo utanyanyua godoro, mashuka, na mtu aliyelala.

*Ulinzi.* Ndio bora kuliko njia zote nne, mradi lisigeuzwe stoo. Siku mtu atakapotupa humo kopo la machubwi na spana ya tairi, ulinzi umekwisha. Weka ukuta wa ndani unaotenga vyuma.

*Kutoa na kurudisha.* Kati kwa kati. Unahitaji nafasi nyuma ya gari ya kuvuta trei karibu mita 2, ambayo ufukweni ipo na kwenye foleni ya kivuko cha Magogoni haipo.

*Joto na chumvi.* Kwa joto, hapa ndipo pazuri: chini, kivulini, mbali na kioo. Kwa unyevu ni kinyume. Hewa ya Dar ina maji, na sanduku lililofungwa masika nzima hutoa ukungu kwenye mipini ya koki, ile gome laini la vizibo vya chupa. Toboa matundu pande zote mbili, na kila mwezi lifungue lipate hewa.

*Wizi.* Halionekani, halishukiwi.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote za kutengeneza, na gari likiuzwa linaondoka nalo.

Begi la kubebea

Hili halihitaji maneno mengi. Fimbo ya futi 7 ya vipande vinne ina vipande vya sentimita 56 hivi, inaingia kwenye keisi ngumu inayokaa nyuma ya siti kama mwavuli. Ya vipande viwili inahitaji begi la mita 1.2.

*Ulinzi* unategemea begi lenyewe. Keisi ngumu hulinda. Begi laini hulinda dhidi ya mikwaruzo tu, na deli la barafu lenye kilo 30 likilala juu yake halitajua tofauti. Begi laini siku zote liwe juu ya mizigo yote, na libaki mikononi mwako wakati wengine wanapakia. Ukitaka kuliongezea nguvu, tia ndani bomba la inchi 2 lililokatwa kwa urefu wa vipande, ubaki umepunguza nafasi lakini umepata uti wa mgongo.

*Kutoa na kurudisha* ni dakika tano za kuunganisha. Viungio vinavyong'ang'ania visizungushwe kwa koleo. Pakaza nta ya mshumaa kidogo kabla ya safari na vitafunguka. *Joto:* unaingia nalo hemani au chumbani, tatizo limeisha. *Chumvi:* kausha zote mbili, begi na fimbo, maana kitambaa kilicholowa ndani ya zipu kinanuka kabla ya Jumatatu. *Wizi:* linabebeka, na hivyo linabebeka na yeyote. *Gharama:* begi laini fundi wa makava ya siti anakushonea kwa turubai. Gharama halisi ipo kwenye fimbo za vipande vinne kama huna.

Kuna kinachosemwa kuwa fimbo za vipande vingi ni dhaifu. Za zamani nyingi zilikuwa hivyo. Za sasa zilizotengenezwa vizuri hufanya kazi bila shida kwa changu, tasi na kolekole wa wastani. Kwa jodari mkubwa au sulisuli wa kuvutwa nyuma ya boti, watu bado huamini fimbo nene ya kipande kimoja au ile inayoungana mpinini, na hatuwapingi.

Yanayofanana kwa njia zote

Njia yoyote utakayochagua, haya hayabadiliki. Ndoana na chubwi hutoka. Breki ya rili hulegezwa, kwani vibao vyake vikikaa vimebanwa muda mrefu hushikana, na siku ya samaki mshipi hutoka kwa mikurupuko. Vipande vya fimbo moja hufungwa pamoja kwa velkro sehemu mbili, visibanwe mpaka vikapinda. Kila fimbo huvaa kitambaa: soksi ndefu za mpira wa miguu zinatosha mpini, na bomba la kitambaa cha fulana lililoshonwa upande mmoja linatosha sehemu iliyobaki.

Baada ya bahari, osha kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka taratibu, si kwa mashine ya kuoshea magari. Mashine husukuma chumvi ndani ya rili badala ya kuitoa. Anika kivulini.

Na ile ya kupitisha fimbo dirishani na kufunga kitambaa chekundu mwishoni? Bodaboda anayepita pembeni kwenye foleni ya Mbagala haangalii kitambaa.

Kulingana na hali yako

Una fimbo za kipande kimoja za zaidi ya mita 2, gari lina keria, na huvui hadi ufike mwisho wa safari, mathalani Kilwa Masoko au Pangani: bomba. Ukiwa na hizo hizo lakini juu kuna hema la kukunjua lililojaza paa lote, pima ubavu wa keria. Sentimita 13 za upana zinatosha bomba la inchi 4 pamoja na vishikio. Zisipopatikana, umebaki na dari.

Unavua ukihama, leo Bagamoyo asubuhi, kesho ufukwe mwingine, ukisimama popote maji yanapopendeza: dari kwa fimbo mbili za kazi, na zilizobaki ziwekwe kwingine. Kuchanganya njia mbili hakuna aibu, na magari mengi yaliyopangwa vizuri yana bomba juu kwa fimbo za akiba na mikanda miwili darini.

Unasafiri na watoto wanaolala nyuma: sahau dari. Sanduku kama gari ni lako na fimbo ni za vipande, bomba kama ni za kipande kimoja.

Gari la kukodi au la ndugu, ambalo huruhusiwi kutoboa wala kufunga: begi, au mikanda ya dari isiyogusa skrubu. Anayeacha gari Nyamisati na kuvuka kwenda Mafia kwa chombo naye ni wa begi, kwa sababu bomba lililofungwa juu ya keria halivuki naye, na kuziacha fimbo juani hadi arudi ni kuziharibu.

Safari ndefu za bara, bwawa la Mtera, au Mwanza kwenye sangara, siku nne za barabara na vumbi: sanduku kwa mwenye nalo. Mwenye bomba atie kitambaa kizito kwenye kizibo, kwa sababu vumbi hupita hata pale maji yasipopita, na azifungue fimbo kila jioni kuzifuta kabla ya vumbi hilo kugeuka msasa kati ya kitambaa na fimbo.

Na kama bado hujanunua fimbo, anza na gari. Pima nafasi iliyopo, toa sentimita 10, halafu ndipo uingie dukani na futi yako mfukoni.